Mwana Aliyezikwa Bila Ibada

Insaf ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, tangu tulipoolewa mtaa huu, na miaka miwili kati ya hiyo tulinuniana kwa sababu ya bata. Bata wake walivuka kutoka juu ya dari yake wakala ngano niliyoianika darini kwangu. Nikamchinja mmoja. Yeye akasema mbele ya watu kisimani kwamba kuchinja nimejitahidi, lakini kwa mapishi yangu yule bata alikufa bure. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za malaika. Insaf ana ulimi wa upupu, mimi pia ninao, na mtaa unatubeba wote wawili kwa shida.

Kijiji chetu kiko mashariki ya Nile, mkoa wa Minya, kati ya mto na majabali meupe. Wanaume wanachimba mawe, na majabali nayo yanawachimba wao. Wasiokatwa na msumeno wanamalizwa na vumbi. Shafiq, mume wa Insaf, alikohoa vumbi jeupe miaka minne kisha akaacha kukohoa, na ndivyo tulivyojua amekufa. Alimwachia mtoto mmoja tu, Wadie, na robo ya shamba la maharage inayopakana na ya kaka yake, Bakhit.

Kazi ya Insaf ilikuwa kuongoza vilio. Aliirithi kwa shangazi yake. Akifa mtu, kabla hata padri hajapelekewa habari, mtu alitumwa kwa Insaf, naye alikuja na nguo yake nyeusi iliyochakaa, akasimama katikati ya wanawake, akajipiga kifua mara moja, akaanza kutunga. Hakuwa na maneno ya kukariri. Alimtazama maiti, akatazama viatu vyake mlangoni na kikombe alichokuwa akinywea chai, na maneno yakamjia. Nimeona wanaume wenye masharubu wakitoka nje wakisema wamebanwa na mkojo.

Padri wetu, Abuna Mattias, hakuzipenda nyimbo zile. Alisema ni vilio vya watu wasiotazamia kitu. Insaf alimbusu mkono, kama tunavyowabusu mapadri, kisha akamjibu, "Abuna, wewe endelea na tumaini lako, mimi niachie wateja wangu." Abuna alicheka, ingawa hakupaswa kucheka.

Lakini kulikuwa na kilio kimoja ambacho hakuna aliyekicheka. Kwetu kilio cha aliyeuawa si sawa na cha aliyekufa kwa homa. Cha aliyeuawa hakimlilii maiti, kinawasema walio hai. Miaka minane kabla ya haya ninayosimulia, mtu mmoja wa nyumba ya kisimani alipigwa risasi kwa ugomvi wa mfereji wa maji. Insaf aliitwa. Akasimama pale, akatazama ndugu wa marehemu waliokuwa wamejiinamia, akaimba kwamba nyumba hii ina ushungi mwingi, kilemba hakionekani hata kimoja. Basi. Maneno machache tu. Kabla jua halijazama mdogo wa marehemu, mvulana wa miaka kumi na saba, alichukua bunduki ya baba yake akaenda kuua. Kabla ya mwezi kwisha naye aliuawa. Insaf aliletewa gunia la ngano kwa kazi yake, akalipokea, akaliweka darini. Hakulisaga kamwe. Liliishia kwa dumuzi, na mimi, pamoja na ulimi wangu wote, sikuthubutu kumuuliza.

Wadie alikua mrefu kama mnazi, mpole, mvivu wa kuamka na hodari wa kula. Alikwenda machimboni akiwa na miaka kumi na sita, pamoja na rafiki yake Nagi, ambaye alikula naye sahani moja tangu wana meno ya maziwa. Alipofika ishirini na tatu alimchumbia Farha, binti wa fundi wa matofali. Harusi ikapangwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, kwa kuwa wakati wa mfungo kanisa halifungishi ndoa. Insaf alianza kunenepesha bata, akachambua upya pamba ya magodoro, akawa anaimba nyimbo za harusi kwa sauti ile ile iliyokuwa ikitutoa machozi. Nilimwambia bibi harusi atakimbia akidhani kuna maiti ndani. Alinirushia kiatu.

Sasa desturi yetu ya Juma Kuu ni hii, na bila kuijua huwezi kuelewa kilichomvunja Insaf. Juma lile lote kanisa halimfanyii mtu ibada ya maziko. Hakuna ubani, hakuna nyimbo za kumuaga. Juma lile ni la mauti ya Bwana peke yake, na maiti mwingine yeyote huletwa akawekwa kanisani wakati masomo ya siku yanasomwa, kisha akapelekwa kaburini. Kwa hiyo Jumapili ya Matawi, misa ikiisha, mapazia meusi hutundikwa na padri hutufanyia sote ibada ya maziko tungali wazima, tumesimama kwa miguu yetu, makuti mkononi. Anatunyunyizia maji. Atakayekufa juma hilo, ameshaagwa. Mimi nimeshaagwa hivyo zaidi ya mara hamsini na bado nafuga bata.

Jumapili ile Wadie alikuwa upande wa wanaume, amevaa kanzu mpya. Mapazia yalipoanza kubadilishwa nilimnong'oneza Insaf, "Mama Wadie, bwana harusi gani anasimama kwenye maziko? Utamtia nuksi." Nilisema kwa utani, lakini si utani mtupu, bibi yangu aliamini hivyo, na wengi kijijini wanaamini, ingawa mbele ya padri watakana. Insaf alibadilika rangi. Akapenya katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke kwetu halifanyi, akamkamata Wadie mkono wa kanzu, akamvuta hadi nje. Watu walicheka. Wadie mwenyewe alicheka, jitu zima linaburutwa kama mbuzi wa mnadani. Walikaa nje, mgongo ukutani, mpaka maji yalipokwisha kunyunyizwa. Abuna aliwaona wakitoka, akatikisa kichwa, akaendelea kusoma.

Alhamisi Wadie alikwenda kazini. Machimbo hayajui Juma Kuu, na yeye alitaka apate siku za kupumzika baada ya harusi. Msumeno wao mkubwa hutembea juu ya reli na hula umeme kwa waya uliochubuka sehemu tatu nne. Waya ukikorofisha, anayeutengeneza huvua kilemba chake akakitundika kwenye swichi, na kilemba kikiwa pale hakuna mkono unaoigusa. Hiyo ni sheria waliyojitungia wenyewe. Mwenye machimbo hajawahi kuwatungia nyingine. Siku hiyo upepo wa vumbi ulikuwa mkali. Wadie alikuwa amejifunga kilemba puani na mdomoni, akaona kazi ni ya dakika mbili, akainama bila kukivua. Nyapara akafoka kwamba msumeno umesimama muda mrefu. Nagi akatazama swichi, hakuona kilemba, akawasha.

Wadie alikufa hospitali alfajiri ya Ijumaa Kuu. Hakusema neno. Insaf alikaa naye usiku kucha bila kumshika, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumshika.

Waliporudi naye kijijini saa tano asubuhi, Bakhit alikuwa ameshakata shauri. Bakhit ni mtu wa heshima, wa sauti nzito, ambaye kanisani hukiri imani kwa nguvu kuliko shemasi. Alisema Nagi alikuwa na macho, na mwenye macho hutazama kabla ya kuwasha. Alisema mtoto wa ndugu yake hakufa, ameuawa, na nyumba yake haitapokea rambirambi wala kupika kahawa mpaka damu ilipwe kwa damu. Hakuna aliyesema twende kwa mwenye machimbo, anayekaa mjini nyuma ya geti lenye walinzi. Hakuna aliyemtaja hata nyapara aliyefoka. Kwetu damu hudaiwa nyumba ya jirani, kwa sababu huko mtu anaweza kwenda kwa miguu. Watu wa kina Nagi walilijua hilo vizuri, wakamvusha mto mchana ule ule wakamficha kwa mjomba wake.

Wadie aliwekwa kanisani, chini, karibu na nguzo, masomo ya Ijumaa Kuu yakisomwa. Hakufukiziwa ubani. Insaf alisimama kando yake tangu saa sita mpaka jua lilipoanza kulala, hakula, hakunywa, hakuketi. Mwisho wa siku ile mapadri huifunga picha ya maziko ya Bwana kwa kitambaa cheupe, wakaifunika maua ya waridi na manukato, wakailaza madhabahuni. Abuna Mattias alipotoka huko, mikono ikinukia waridi, Insaf alimshika kanzu.

"Abuna, mfanyie ibada. Dakika moja tu."

"Siwezi, binti yangu. Unajua juma hili."

"Ni mimi niliyemtoa. Uliniona."

"Nilikuona."

Nilikuwa nyuma yao, na nilitamani Abuna aseme uongo mdogo, aseme hakuona. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, sauti imemkauka kwa masomo. Akamgeuza Insaf kwa bega, akamwonyesha madhabahu.

"Huyu tuliyemfunika maua sasa hivi, Mama Wadie, alifanyiwa ibada na nani? Walimfunga haraka haraka kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Wakamlaza kaburi la kuazima. Hata manukato walikuwa hawajamaliza. Wanawake walipanga kurudi Jumapili. Na ibada yangu haimwamshi mtu. Ingekuwa inaamsha, kijiji hiki kisingekuwa na mahali pa kulala. Anayeamsha ni yule, na yeye mwenyewe alizikwa kama mwanao."

Insaf alimwachia kanzu, akarudi kando ya mwanawe. Nilidhani hakusikia.

Tulifika makaburini jua limeshagusa mitende ya ng'ambo. Wanaume walimshusha Wadie. Wanawake tukafanya duara, kama kawaida, tukaacha nafasi katikati ambayo siku zote ilikuwa ya Insaf, na safari hii hakuna aliyejua afanye nini na nafasi ile. Bakhit akageuka kutoka shimoni. Akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama Wadie, mlilie. Mlilie kama aliyeuawa."

Vijana wa ukoo walikuwa wamesimama nyuma yake. Wanne, watano, wote binamu za Wadie, macho mekundu. Nilimwona mmoja anajipapasa ubavuni chini ya kanzu. Hapo kila mmoja wetu alijua kwamba maisha ya Nagi yamo ndani ya kinywa cha mwanamke huyu, na kwamba anachohitaji ni maneno machache tu. Alishayapata zamani kwa mtoto wa watu wengine. Kwa wake yangemshinda?

Insaf aliingia katikati. Akajipiga kifua mara moja.

"Mwanangu nilimtoa kanisani," alisema. Hakuimba. "Jumapili ya Matawi. Abuna alikuwa anatuombea sote, na mimi nikamvuta kwa mkono wa kanzu, kwa kuwa niliogopa nuksi kuliko nilivyomwogopa Mungu. Ndiyo maana leo amezikwa hivi. Mnaotafuta aliyemkosea Wadie, anzeni na mimi."

Angeweza kunitaja. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na aliyemwambia habari za nuksi ni mimi. Hakunitaja, hata hakunitazama. Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi ilikuwa wazi pale pale. Nilinyamaza, na aibu ya kunyamaza kule ninayo mpaka leo.

Bakhit alisema mwanamke amechanganyikiwa kwa uchungu, wampeleke nyumbani. Vijana wakafukia. Wengine walikwenda kanisani kunywa siki, kama aliyonyweshwa Bwana, na kufungua kinywa, mimi nilikwenda kwangu nikakaa gizani na bata.

Jumamosi alasiri Insaf aligonga ukuta, kama tulivyozoea kuitana. Nilipotoka alikuwa ameshika birika tupu. Uso wake ulikuwa na michirizi ya kucha, lakini amenawa.

"Una kahawa?"

"Kahawa ya nini?"

"Ya kunywa, Mama Marko. Kahawa watu wanaifanyia nini?"

"Nyumba yenye damu haipiki kahawa. Bakhit atakuua."

"Nani amesema nyumba yangu ina damu?"

Nilimpa kahawa yote niliyokuwa nayo. Hakuondoka. Alikaa kizingitini kwangu, birika mapajani, akaniuliza yule mvulana wa nyumba ya kisimani alikuwa na miaka mingapi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kumsikia akimtaja. Nikamwambia, kumi na saba.

"Na yeye ataamka," alisema. "Mimi siku zote nilikuwa nikisikia watu wanasema wafu wataamka, nikidhani ni maneno ya kufariji, kama tunavyomwambia mtoto baba atarudi. Jana nimesimama pale kutwa nzima, nikafikiri, hebu chukua kwamba ni kweli. Wataamka kweli. Basi yule mtoto atakuja moja kwa moja kwangu. Atanijua kwa sauti." Aligeuza birika mapajani. "Mmoja ananitosha. Wa pili sitaweza kumtazama usoni."

Nilitoa kinu. Tukaisaga kahawa kwa zamu mpaka jua likazama.

Usiku ule nilikwenda kanisani, yeye hakwenda. Tuliimba kwamba amefufuka, na mimi niliimba nikiwa na hofu ya asubuhi. Kwa sababu Pasaka ile ilikuwa pia siku ya tatu ya Wadie. Siku ya tatu padri huja nyumba ya msiba na bakuli la maji na majani ya mrehani, akasali, akanyunyiza vyumba vyote, huzuni ipate kutoka. Na nyumba inayokubali siku ya tatu imekubali kwamba kifo kimekwisha, hakuna deni la damu.

Asubuhi Bakhit alikuwa ameketi barazani kwa Insaf, bunduki mapajani. Watu wenye nguo mpya za Pasaka walifika mwanzo wa mtaa, wakaona bunduki, wakarudi. Abuna Mattias hakurudi. Alifika na bakuli lake, akamsalimu. Bakhit alimbusu mkono kwa adabu zote, akamwambia hakuna matanga hapa, Abuna, matanga ni baada ya damu. Abuna akasema sawa, akaketi chini, kwenye vumbi la mtaa, bakuli mapajani, kanzu nyeusi ikageuka nyeupe, akasema atangoja. Mimi na wanawake wengine watatu tulikuwa ndani na Insaf. Tulichungulia mlangoni kwa zamu, na roho zetu mkononi.

Ndipo Nagi akatokea.

Alikuja peke yake, miguu mitupu, kichwa wazi, amebeba sanda yake mikononi. Kwetu mwenye damu shingoni akitaka kusamehewa huja hivyo, na sanda yake mwenyewe, azikwe ndani yake au asamehewe. Lakini hufanyika baada ya wazee kukaa miezi, baada ya pande zote kuahidiana, na mwenye kosa hujua tangu nyumbani kwamba hatauawa. Nagi hakuahidiwa kitu na mtu. Baadaye mama yake alituambia kwamba usiku ule alisikia kengele za Pasaka ng'ambo ya mto, akatoka, akapanda mtumbwi wa kwanza asubuhi, na hakuna aliyeweza kumzuia.

Bakhit alisimama. Bunduki nayo ilipanda pamoja naye.

Insaf alitupita sote mlangoni. Bakhit alimwambia bila kumtazama arudi ndani, hili ni la wanaume.

"Nimemzaa mimi," alisema Insaf. "Shemeji, nakuuliza kitu. Kila Jumapili unasema kwa sauti kuliko wote kwamba unangojea ufufuo wa wafu. Unangojea kweli, au unasema tu?"

"Toka hapo, mwanamke."

"Nijibu. Mbele ya Abuna."

"Naungojea," alisema Bakhit, ameuma meno.

"Basi Wadie ataamka. Atatazama huku, atatazama huku, kisha ataniuliza, Mama, Nagi yuko wapi? Nimwambie nini? Au utanijibia wewe?"

Bakhit aliugeukia mlango aliozoea kumwona Wadie akitokea. Alimpenda mtoto yule, na mimi sitaki kumsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema, ukiipokea sanda hiyo, mimi si shemeji yako. Shamba la ndugu yangu usilikanyage. Na siku utakapokufa, usitegemee bega la ukoo huu kukubeba.

Na aliyoyasema ameyatimiza. Huu ni mwaka wa tisa. Shamba analima mtoto wa Bakhit. Insaf anaokea watu mkate kwenye tanuri la uani, mgongo umepinda, na wa ukoo wa mumewe wakikutana naye njiani wanageuza uso. Matangani haitwi tena. Nani anamtaka mwongoza vilio aliyeiachia damu ya mwanawe? Farha aliolewa kijiji kingine mwaka uliofuata, na akija huku hupita njia ya mtoni. Wala Insaf hajapona. Zipo asubuhi ananigongea ukuta kuniambia kwamba leo akimpata Nagi atamng'oa macho kwa vidole. Wanaohubiri kwamba imani huondoa maumivu, waje wakae naye mchana mmoja.

Lakini asubuhi ile alishuka barazani. Alipita mbele ya mdomo wa bunduki, akaenda mpaka alipo Nagi, akasimama kati yao. Akaipa bunduki mgongo. Abuna alikuwa ameinuka, bakuli limemwagika nusu. Kutoka mlangoni nilimwona Nagi vizuri: midomo imepasuka, macho yametazama miguu ya Insaf, msalaba mdogo wa chale kwenye kifundo cha mkono, kama tulio nao sote.

"Kristo amefufuka, Nagi," alisema Insaf.

Jibu la salamu hii mtoto wa miaka miwili kwetu analijua. Nagi alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Sanda ikaanza kufunguka mikononi mwake, ncha moja ikagusa vumbi.

"Jibu, mwanangu," Insaf alimwambia taratibu. "Nimeisema kwa shida sana. Usiniache nayo peke yangu."

"Hakika amefufuka," alisema Nagi.

Bakhit alishusha bunduki, akashuka barazani, akaenda zake upande wa mtoni bila kufunga mlango wa ua. Insaf aliichukua sanda mikononi mwa Nagi, akaikung'uta vumbi, akageuka akaniambia niweke kahawa motoni.